Shushushu wa Mau Mau aliyejiandikia mwenyewe

Ukilitaja jina la Wambui Otieno, watu wazima watakumbuka mambo mawili. Kwanza ile kasheshe ya mwaka 1987, alipofikishana mahakamani na ukoo wa mumewe wakigombea maiti ya mume huyo, wakili S. M. Otieno. Alishindwa, mume akazikwa Nyalgunga. Pili, mwaka 2003 akiwa bibi wa miaka 67 akaolewa na kijana aliyempita kwa zaidi ya miaka 30. Kenya nzima ikawa gumzo!

Lakini msomaji, kabla ya vituko hivyo mama huyu alikuwa shushushu. Tena si mchezo.

Tuanzie hapa kwetu. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Wakajibu kwa kalamu. Wakaandika malalamiko, wakachanga pesa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akatua New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa. Leo ukitaka kuijua kesi yao, karatasi zipo.

Mwaka huohuo, ng'ambo ya Namanga, Waingereza walitangaza hali ya hatari. Huko mambo yalikuwa kinyume: karatasi ilikuwa kitanzi. Ukikutwa hata na risasi moja unanyongwa, na waliopanda jukwaani walizidi 1,000. Sasa nani angethubutu kutunza diari?

Tena ilikuwa vita ya ndugu kwa ndugu. Mkikuyu huyu yuko msituni, yule ni mlinzi wa serikali. Nyumba ya Wambui ilikuwa hivyohivyo. Baba yake, Tiras Waiyaki, alikuwa inspekta wa polisi. Lakini ukoo ni ule wa Waiyaki wa Hinga, aliyefia mikononi mwa Waingereza mwaka 1892. Binti akachagua upande wa babu.

Akala kiapo, akaondoka kwao, akaingia Nairobi. Kazi yake? Kukusanya habari. Maboi na mayaya wa majumba ya Wazungu walikuwa wanasikia kila kitu, maana bwana mkubwa hakuwahi kufikiri kwamba anayemmiminia chai ana masikio. Habari zilipita mdomo kwa mdomo, hakuna kuandika.

Mwaka 1960 alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Huko, kwa maelezo yake mwenyewe, alibakwa na afisa wa Kizungu.

Upande wa pili waliandika kila kitu. Kisha walipokaribia kuondoka mwaka 1963, mafaili mengine wakayachoma, mengine wakayasafirisha kwao kimyakimya. Ilipofika mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau huko London ikawabana, wakakiri kwamba mafaili ya Kenya yapatayo 1,500 yamefichwa Hanslope Park. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Wambui hakuisubiri siku hiyo. Mwaka 1998 alitoa kitabu cha maisha yake, akayaanika yote, kiapo, upelelezi, hata ya Lamu. Na kumbuka, wakati huo Mau Mau bado ilikuwa marufuku kisheria Kenya. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2003. Yeye alifariki Agosti 2011.

Hiyo ndiyo tofauti. Mwanamke aliyefanya kazi bila kuacha alama, asipoandika mwenyewe, ataandikwa na adui yake, na adui ana kiberiti.

Kwa hiyo wewe kijana wa Sakina au Ngarenaro, wikiendi ukipanda kwa bibi kule Nkoaranga, usiende na mkate na sukari tu. Beba na daftari.