Je, wajua? Theluji ya Kongo hubadili majira kila siku

Mchana wa kiangazi katika mji wa Manono, Kongo, joto likifika nyuzi 30, si rahisi kuamini kwamba nchi hiyohiyo ina theluji. Ipo, kilomita 900 hivi upande wa kaskazini, juu ya milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda. Manono iko kadiri ya mita 630 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Margherita huko Ruwenzori, kirefu kuliko vyote Kongo, kina mita 5,109. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6.5. Piga hesabu: katika zile nyuzi 30 inabaki moja tu. Na hapo jua bado linawaka.

Ulaya, wapanda milima ya Alps huisubiri miezi ya Machi na Aprili, baridi kali inapoanza kulegea: usiku theluji inaganda, mchana inalainika. Ruwenzori iko karibu kabisa na ikweta, haina Machi ya namna hiyo. Huko tofauti ya joto kati ya usiku na mchana ni kubwa kuliko tofauti kati ya mwezi na mwezi. Kwa hiyo majira ambayo Mzungu huyangojea mwaka mzima, Ruwenzori huyapata kila kukicha.

Ndiyo maana safari ya kileleni huanza saa nane za usiku. Mawingu yakifunguka, theluji hupoteza joto lake angani. Maji yaliyo kati ya chembe zake huganda na kuzishikanisha, na uso wote huwa mgumu kama sakafu ya saruji. Miiba ya chuma iliyofungwa chini ya viatu huuma vizuri, kamba inamwunganisha kila mtu na mwenzake. Jua likishapanda, vile vishikizo vinayeyuka. Mguu unazama hadi gotini, na mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu yanaanza kuporomoka. Mwongozaji mzoefu hataki kukutwa huko adhuhuri.

Miwani ya giza nayo si pambo. Theluji mpya hurudisha sehemu kubwa sana ya miale mikali ya jua, kama asilimia 80, na asiyejikinga huunguza macho bila kuhisi. Maumivu yanakuja baada ya saa kadhaa. Taa ya kichwani ina adui mwingine: baridi hudhoofisha betri, hivyo wajuzi hulala nayo ndani ya mfuko wa kulalia.

Upande wa Kongo njia huanzia Mutsora, karibu na Mutwanga, ndani ya Hifadhi ya Virunga, ikipitia vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo. Kabla ya theluji kuna matope, tena matope ya kweli, na mabuti ya mpira yana kazi kubwa kuliko viatu vya bei. Ukosefu wa usalama umeifunga njia hiyo mara nyingi, na wapandaji wengi hupitia Uganda.

Mwitaliano Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alifika Margherita tarehe 18 Juni 1906. Mpigapicha wake, Vittorio Sella, aliacha picha ambazo wanasayansi bado wanazilinganisha na hali ya leo. Wakati ule barafu ya Ruwenzori ilifunika zaidi ya kilomita 6 za mraba. Kufikia 2003 haikutimia hata kilomita moja. Hewa imepata joto, na wapo watafiti wanaosema ukavu nao umechangia. Barafu inapopungua, miamba iliyofunikwa zamani hubaki wazi, na sehemu zilizokuwa za kutembea juu ya theluji sasa hupandwa kwa kamba.