Usanifu wa Vihisijoto Visivyotumia Waya kwa Majokofu ya Chanjo: Usahihi wa Kipimo na Uhakika wa Mawasiliano

Makala haya yanafafanua mgongano wa kiusanifu unaojitokeza pale mawimbi ya redio yanapotumika kufuatilia hali ya jokofu la chanjo. Chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Zile za pepopunda na homa ya ini aina ya B huharibika zikiganda. Kosa dogo la kipimo laweza kuficha hasara kubwa.

Usahihi hudai kihisi kiwe karibu na chanjo, ilhali kuta za chuma hudhoofisha mawimbi. Kuongeza nguvu ya kurushia mawimbi humaliza betri mapema, na joto la kisambazaji huweza kupotosha kipimo. Njia bora ni kutenganisha kazi hizi: kihisi kibaki ndani ya kichupa cha glikoli, kisiyumbishwe na hewa mlango unapofunguliwa, kisambazaji na antena viwe nje, vikiunganishwa nacho kwa waya mwembamba.

Hata hivyo, mawasiliano ya redio hukatika. Kifaa kihifadhi kila kipimo pamoja na saa yake, kikitume upya hadi kipokewe, na mfumo utoe tahadhari ukimya unapozidi muda uliowekwa. Kihisi nacho kihakikiwe mara kwa mara katika maji yenye barafu iliyopondwa, ambayo hubaki kwenye nyuzi 0.

Kwa watunga sera, zabuni zinazotaja usahihi wa maabara na umbali wa mawasiliano pekee hazitoshi. Zidai pia majaribio katika jokofu lililojaa na kufungwa, kwa kuwa kukosekana kwa taarifa si uthibitisho wa usalama wa chanjo.