Tumbo la Mzee Kabla ya Miale

Mzee wako akitibiwa saratani ya tezi dume kwa miale, huenda kila siku, mara nyingi siku 5 kwa juma, kwa majuma kadhaa. Na matayarisho huanzia jikoni kwako.

Tezi dume imepakana na mwisho wa utumbo. Utumbo ukijaa choo au hewa, tezi husukumwa mbele. Basi miale huweza kuikosa na kuuchoma utumbo. Ndiyo sababu huambiwa apate choo kwanza, na vituo vingi humtaka kisha anywe maji, kibofu kijae.

Punguza maharagwe, kabichi na soda. Mpe uji, papai na maji ya kutosha. Dawa ya kuendesha usimpe kwa shauri lako.

Shida ni haya. Wazee wetu hawasemi kwamba choo kimefunga! Muulize asubuhi. Ukiwa mkaza mwana na huwezi, mtume mjukuu wa kiume. Kama hajapata choo, wahudumu waambiwe kabla hajapanda kitanda cha mashine. Watamngojesha kidogo au watampa dawa.