Simu Ikikuchafua Moyo: Kweli au Uongo?

Alfajiri, matatu za 145 zikishajaza abiria Ruiru na kushika Barabara ya Thika kuelekea Nairobi, karibu kila kichwa kimeinamia simu. Kabla ya Githurai utamwona mmoja amefumba macho, jasho jembamba usoni, akiomba dirisha lifunguliwe. Jirani atamwambia hakunywa chai. Watu wengi wanateseka hivi bila sababu, na madai yanayosikika stejini na kwenye vibanda vya simu yanawazidishia.

“Simu haiwezi kumchafua mtu moyo. Huyo ana macho mabovu.”

Uongo. Tatizo huanzia kwenye sikio. Ndani kabisa ya kila sikio mna mirija 3 iliyopinda nusu duara na kujaa umajimaji. Hiyo ndiyo huuarifu ubongo kwamba kichwa kinageuka. Ukifungua programu na dirisha lake likakurukia, au picha ya nyuma ikateleza chini ya aikoni, macho huripoti mwendo ilhali sikio linasema umetulia. Habari hizo mbili zikigongana, baadhi yetu hupata kizunguzungu, jasho baridi na kichefuchefu, hata kama tunasoma maandishi madogo bila miwani. Wenye kipandauso na waja wazito huathirika upesi zaidi.

Haya si mambo ya kujitungia. Mwaka 2013 Apple ilipotoa iOS 7, yenye aikoni zilizoonekana kuelea na kurasa zilizovuta macho ndani na nje, watumiaji wengi walilalamika kuwa wanaugua. Oktoba mwaka huo huo kampuni ikaboresha swichi ya kupunguza miondoko. Anayemcheka mwenzake kwamba anajidekeza anapaswa kulijua hilo.

“Swichi hiyo iko kwenye simu ghali tu.”

Uongo, na huu ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu unamfanya mwenye simu ya bei nafuu asiitafute kabisa. Simu nyingi za Android zinayo, zikiwemo Tecno, Infinix na Samsung. Fungua mipangilio, tafuta sehemu ya ufikivu, yenye alama ya mtu aliyenyoosha mikono, kisha uondoe uhuishaji, yaani ile miondoko ya madirisha na aikoni. Majina hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni; usipoiona, andika neno “uhuishaji” kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya mipangilio. Kwenye iPhone huitwa “Reduce Motion”. Hailipiwi, haiharibu chochote, na ukichoka nayo unairudisha.

“Ukizima uhuishaji, simu inaongeza kasi.”

Kweli kwa macho, uongo kwa mashine. Kichakataji ni kile kile. Kinachopungua ni ile sehemu ndogo ya sekunde unayosubiri dirisha limalize kufunguka kwa madaha. Mafundi wa simu huenda kwenye chaguo za wasanidi programu, zinazojitokeza ukigusa nambari ya muundo mara 7, wakapunguza vipimo vya uhuishaji kutoka 1x hadi 0.5x. Kwa simu kuukuu tofauti hiyo hupendeza sana.

“Inaokoa betri.”

Kidogo mno. Mwangaza wa kioo na mtandao hula zaidi.

“Ukishazima, kila kitu kinatulia.”

Uongo. Swichi hii hugusa miondoko ya mfumo na ya programu zinazoitii. Video za TikTok, michezo na matangazo mengi zitaendelea kurukaruka. Ingia kwenye mipangilio ya Facebook na uzuie video kujicheza zenyewe; utapumzisha kichwa na bando pia.

“Hata kwenye matatu itanisaidia.”

Kwa sehemu tu. Garini mgongano umegeuka: sikio linahisi gari likiyumba na kufunga breki, macho yako yametulia kwenye maandishi. Mwendo unaochafua moyo kuliko wote ni wa kupanda na kushuka polepole, takribani mara moja kila sekunde 5, na foleni ya kusogea na kusimama nayo ina adha yake. Tiba bora hapo ni kuinua macho na kutazama mbali barabarani, ikiwezekana kutoka kiti cha mbele, na kuacha ujumbe mrefu hadi ushuke. Tangu iOS 18 ya mwaka 2024, iPhone ina vidoti kwenye kingo za kioo vinavyosogea kulingana na mwendo wa gari, ili macho na sikio vikubaliane. Kuna wanaonufaika navyo. Wengine hawaoni tofauti.

“Hali ya giza inatosha.”

Uongo. Inabadili rangi na mwangaza. Dirisha jeusi linalokurukia bado linakurukia.

“Kizunguzungu chochote siku hizi ni cha simu.”

Uongo wa hatari. Kinachosababishwa na simu hupungua ukiiweka chini na kupumzika. Kikibaki, chumba kikionekana kuzunguka, au sikio likavuma na kuacha kusikia vizuri, nenda ukapimwe. Thika kuna hospitali ya Level 5. Kikija pamoja na mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito au mkono mmoja kukosa nguvu, hiyo huenda ni kiharusi: mtu akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.