Jumamosi Moja Kutoka Kinampanda

Ipo sarafu ndogo ya dhahabu ambayo kwenye minada ya Ulaya hununuliwa kwa maelfu ya euro. Upande mmoja ina tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo aliyesimama mbele ya mlima. Ni sarafu ya rupia 15, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, wakati manowari za Uingereza zimeziba njia ya bahari na fedha kutoka Berlin haifiki tena. Zilitengenezwa 16,198 tu. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, wilayani Iramba.

Abiria wa mabasi ya Mwanza wanaijua Sekenke kwa habari nyingine kabisa: kona, mteremko, na malori yanayofeli breki. Basi hushuka mlima, watu wakashusha pumzi, mtu akaagiza kuku Shelui, safari ikaendelea. Wachache sana hujua kwamba wamepita kwenye mgodi wa kwanza wa dhahabu wa nchi hii, ulioanza kazi mwaka 1909, miongo mingi kabla ya Geita kuwa jina la kutajwa kwenye taarifa za habari.

Kinampanda iko juu ya nyanda za Iramba, jirani na Kiomboi. Nje ya Singida inajulikana zaidi kwa chuo chake cha ualimu, na walimu waliopita pale wametawanyika nchi nzima. Makala haya yanawatazama hasa wanachuo hao, pamoja na mwenyeji yeyote mwenye Jumamosi isiyo na shamba wala msiba. Akitoka asubuhi na kurudi kabla ya giza, anaweza kufika mahali pengi penye historia nzito kuliko anavyodhani. Si pote kwa siku moja, bali kila siku na njia yake.

Wafaransa wamefanya jambo hili kuwa desturi. Mtu wa Paris hupanda treni ya asubuhi hadi Provins, mji wa magulio ya zama za kati ulioingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001. Hutembea juu ya kuta za kale, akala mchana, akarudi nyumbani kulala. Mwaka 1982 Charles Ceyrac, meya wa kijiji cha Collonges-la-Rouge, alianzisha umoja wa vijiji vizuri kuliko vyote Ufaransa. Masharti yake ni makali: wakazi wasizidi 2,000, na ndani ya kijiji pawe na majengo au maeneo yasiyopungua mawili yanayolindwa kisheria. Kijiji kikizembea hufutwa. Hivyo vijiji ambavyo vijana walikuwa wamevihama vikapata sababu ya kupaka rangi madirisha na kufungua tena duka la mikate.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo haikuhitaji mabilioni. Ilihitaji kibao barabarani, njia ya miguu iliyofyekwa, na mwenyeji anayeweza kueleza. Hivyo vitatu wilaya za Iramba na Mkalama zinavimudu.

Tuanze na Mkalama. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga boma pale ili waitawale Iramba na Isanzu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolifikia eneo hili, boma likaingia mikononi mwa Waingereza. Kisha, mwaka 1917, likatokea jambo ambalo watoto wa Nduguti na Kiomboi wangepaswa kulisimulia kama wanavyosimulia mechi ya Simba na Yanga. Kikosi cha Wajerumani na askari wao Waafrika kilijitenga na jeshi kuu la kamanda wao, Lettow-Vorbeck, na kupanda kaskazini bila idhini. Kiongozi wake wa kwanza, Max Wintgens, aliugua homa kali akajisalimisha karibu na Tabora. Heinrich Naumann akashika uongozi, akavuka reli ya kati, akaja kulizingira boma la Mkalama. Alishindwa kulitwaa. Akaendelea kukimbizwa huku na huko kwa miezi, hadi Oktoba mwaka huo aliposalimu amri. Wanakijiji ambao chakula na mifugo yao vilichukuliwa na pande zote mbili hawakuwahi kujengewa hata mnara.

Baadaye utawala ulihamia kwingine, Mkalama ikabaki kijiji. Jina lake lilirudi kwenye ramani za Serikali mwaka 2012 ilipoundwa wilaya mpya, ingawa makao makuu yakawekwa Nduguti. Kwa mgeni, huo ndio uzuri wa safari hiyo: anapita makao mapya na kuyafikia ya zamani kwa siku moja.

Njiani aulize habari za reli ya Kinyangiri. Miaka ya 1930 tawi la reli lilitoka Manyoni, likapita Singida na kuishia Kinyangiri, kwa matumaini kwamba mazao ya nyanda hizi yangeijaza mizigo. Mizigo haikutosha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 vyuma vilikuwa vimeng'olewa. Kijiji kuwa mwisho wa reli kisha kukosa reli kabisa, ndani ya muda usiotosha mtoto kuoa, ni kisa kinachostahili kibao chake.

Isanzu ndiko kwenye utajiri mkubwa wa historia kuliko kwingine kote, na ndiko mwandishi huyu angempeleka mgeni kwanza. Profesa Fidelis Masao alichimba kwenye mapango ya miamba huko, yakiwemo Kirumi Isumbirira na Kwa Mwango, na mwaka 1979 akachapisha kitabu kuhusu Zama za Mwisho za Mawe na michoro ya miambani ya Tanzania ya kati. Katika ukanda huo michoro myekundu, yenye wanyama na watu wembamba, huhesabiwa kuwa ya kale, kazi ya wawindaji. Ile myeupe, minene na yenye haraka, ni ya karibuni zaidi na huhusishwa na wakulima. Michoro ya Kondoa, ya ukoo huohuo, iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 na wageni huifuata kutoka mbali. Ya Isanzu huonwa na wachunga mbuzi.

Kirumi pia ilikuwa kitovu cha watawala waliosifika kwa kuleta mvua. Mwanaanthropolojia Todd Sanders aliishi huko na kuandika kitabu kizima juu ya mvua ya Waisanzu, kikachapishwa Toronto mwaka 2008. Kilichomshangaza msomi huyo, wazee wa huko wangeona ni jambo la kawaida: kwamba mvua huhitaji mwanamume na mwanamke pamoja, na utawala nao ulikwenda kwa jozi.

Ziwa Kitangiri, chini ya nyanda, ni safari nyepesi zaidi. Mto Wembere unaingia, Mto Sibiti unatoka kuelekea Ziwa Eyasi, na katikati kuna viboko na samaki. Mpenda ndege aende Tulya. Mpenda historia naye ana habari za misheni.

Wamisionari wa Leipzig walifika Iramba kabla ya Vita vya Kwanza, na miaka ya 1920 Walutheri wa Augustana kutoka Marekani wakaishika kazi hiyo. Hapa historia ya Iramba inagusana na Ufaransa kwa njia ya ajabu. Aprili 1941 meli ya Misri, Zamzam, ilizamishwa katika Atlantiki na meli ya Kijerumani. Ndani yake walikuwemo wamisionari wa Augustana na familia zao, wakielekea Tanganyika. Abiria wote waliokolewa, na baada ya wiki kadhaa baharini wakateremshwa Saint-Jean-de-Luz, mji wa kale wa pwani ya Ufaransa ambao leo hujaa watalii wa siku moja.

Lipo tatizo la sheria ambalo halisemwi sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo na michoro ya kabla ya mwaka 1863. Michoro ya Isanzu, basi, inalindwa, walau kwenye karatasi. Boma la Mkalama na mashimo ya kale ya Sekenke ni ya baada ya mwaka huo, na hayapati ulinzi mpaka Waziri ayatangaze. Wakati huo wote wasaka rupia wanaendelea na majembe yao. Imani kwamba Mjerumani aliacha hazina chini ya kila ukuta na kila mwamba wenye alama imeharibu maeneo mengi ya kati ya Tanzania, na hakuna aliyetajirika.

Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Vitabu huanzia Olduvai, hupita Kilwa, huishia Bagamoyo, na mwalimu mpya hufundisha alichokuta kitabuni. Chuo cha Kinampanda kingeweza kubadili hilo bila kusubiri waraka. Kila mwaka wa masomo kiwapeleke wanachuo Mkalama na Isanzu, waandike wanayosimuliwa na wazee, na maandishi hayo yabaki maktaba. Halmashauri za Iramba na Mkalama nazo ziombe boma litangazwe, kisha zilipe vijana wawili watatu wa kila kijiji wawe waongozaji.

Anayetaka kwenda sasa hivi, bila kusubiri hayo, achague kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, kwa kuwa udongo wa mbugani ukilowa hata Noah hukwama. Abebe maji na pesa taslimu, apitie kwanza ofisi ya mtendaji wa kijiji, na amlipe mwenyeji anayemwongoza. Akifika kwenye michoro asiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha ya simu. Maji huifuta rangi.