Kwa nini skrubu ya shelfu ya zamani haitaki kutoka ukutani?

Unahama nyumba, au umeichoka tu ile shelfu iliyopinda. Mbao imetoka vizuri, ila skrubu zimegoma. Ukizivuta kwa nguvu zinaondoka na kipande cha plasta, na hapo gharama ya kuziba ni yako, si ya mwenye nyumba. Basi kabla ya kushika nyundo tujiulize: skrubu hiyo inashikwa na nini?

Ni mbano, si gundi

Wengi hudhani saruji ndiyo imeing'ang'ania. Mara nyingi si hivyo. Fundi alitoboa tundu, akaingiza kile kiplastiki chenye mpasuko, halafu akakaza skrubu ndani yake. Kiplastiki cha nailoni cha aina hii kilibuniwa na Mjerumani Arthur Fischer mwaka 1958. Skrubu inapoingia inakitanua, nacho kinazibana kuta za tundu. Kadiri mbano unavyoongezeka, ndivyo msuguano unavyoongezeka.

Sasa unaona kosa liko wapi: ukivuta wakati skrubu bado imo ndani, unashindana na msuguano ukiwa kwenye kilele chake. Kinachoshindwa kwanza ni ukuta. Ondoa skrubu kwa kuizungusha, mbano unalegea, na kiplastiki kinabaki bila nguvu kubwa.

Kutu nayo inachangia

Chuma kikikutana na maji na oksijeni kinapata kutu. Miji ya pwani kama Tanga na Mombasa hali ni mbaya zaidi, kwa sababu chumvi huharakisha kazi hiyo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokitoa, mara mbili au zaidi. Kwa hiyo inavimba na kuibana skrubu kwenye kile chuma cha kushikilia shelfu. Habari njema ni kwamba kutu haipindiki, inapasuka.

Fanya hivi

1. Zima umeme kwenye meni swichi kama kuna soketi au swichi karibu. Nyaya mara nyingi hupita ukutani wima juu au chini yake. Vaa miwani pia.

2. Gonga kichwa cha skrubu mara chache, kwa nyundo na bisibisi. Lengo ni kupasua kutu, si kuisukuma skrubu ndani.

3. Tia matone ya mafuta mepesi, uache hadi kesho yake. Mafuta hujipenyeza yenyewe kwenye nyufa nyembamba, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Usikaribishe moto hapo.

4. Chagua bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa kichwa. Kaza kidogo kwanza, kisha legeza. Kwenda na kurudi huivunja ile kutu iliyoshikana. Kichwa kikiwa kimelika, weka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kati yake na bisibisi, au kata mfereji mpya kwa msumeno wa chuma.

5. Skrubu ikishatoka, rudisha skrubu nyingine mizunguko miwili mitatu tu kwenye kiplastiki, kisha ivute kwa makucha ya nyundo. Weka kibao chini ya nyundo. Kibao kinasambaza mgandamizo, plasta haipasuki.

Na kama kiplastiki kinazunguka pamoja na skrubu? Vuta skrubu kwa koleo huku ukiizungusha. Kukaza na kulegeza peke yake hakutasaidia, kwani hakuna kinachokishika kiplastiki.

Kwenye nyumba za zamani unaweza kukuta kigingi cha mti badala ya plastiki. Mti hunywa unyevu na kuvimba, kwa hiyo hushika zaidi msimu wa mvua. Ukiweza, subiri kiangazi.

Wakati wa kuacha

Ikigoma kabisa, kata skrubu usawa wa ukuta, izamishe milimita chache ndani kwa patasi ya kusukumia misumari, upake rangi ya kuzuia kutu, uzibe. Kovu dogo la kuziba ni nafuu kuliko shimo la ukubwa wa ngumi.