Nguvu za Kubeba Mizigo

Tangu mwaka 1977 wanaume wa mataifa mbalimbali hushindana kumpata mwenye nguvu kuliko wote duniani: huvuta malori, huinua magogo, hupindua matairi makubwa. Siku hizi watu wa kawaida mijini hulipia ukumbi wa mazoezi ili wafanye hayo hayo kwa uzito mdogo. Mama wa Tarime au Serengeti anayepanda kilima na ndoo ya lita 20 kichwani, yaani kilo 20, angecheka. Zoezi lake limekwisha. Kijana anayetaka misuli na ampokee.

Hata hivyo zoezi lenyewe ni jema. Shika madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, yakiwa nusu. Tembea hatua 30 mgongo ukiwa wima, tua, pumzika, rudia. Mikono, tumbo, mgongo na miguu hufanya kazi pamoja. Siku mbili kwa wiki zatosha kuanzia. Maji yaongezwe kidogo kidogo.

Hatari ni kushindania gunia la kilo 100 sokoni, mgongo umepinda na pumzi imebanwa. Hapo shinikizo la damu hupanda ghafla, na ngiri au maumivu ya uti wa mgongo huweza kufuata. Kunja magoti, mzigo uwe karibu na kifua, inuka kwa miguu huku ukitoa pumzi. Mjamzito na mwenye shinikizo la damu waulize kwanza zahanati. Ukisikia ganzi mguuni au ukiona uvimbe kinenani, nenda siku hiyo hiyo, usingoje kuchuliwa.